Aliweka saini kabla ya kuhesabu: kisa cha muuzaji mpya wa idara ya nguo, Mtwara mjini

Binti ninayemweleza hapa nilimwandaa mwenyewe kwa kazi yake ya kwanza ya duka. Ninamwita Somoe, ingawa si jina lake. Mtaa wake na mpangilio wa duka nimevibadili, na duka lenyewe silitaji. Hesabu nimeziacha kama zilivyokuwa, kwa sababu bila hizo kisa hakifundishi kitu. Yeye na mama yake wameniruhusu kuandika.

Mimi nilisimamia idara ya nguo kwa miaka tisa kabla ya kufungua kiduka changu cha vitambaa. Nilidhani najua kila anachohitaji mtu anayeingia kazi ile, na sehemu kubwa nilikuwa najua. Kimoja nilikijua nikakinyamazia, na hicho ndicho kilichomgharimu.

Mazingira ya kisa

Somoe alikuwa na miaka 22, amemaliza kidato cha nne, anaishi kwao Mikindani, kama kilomita 10 kutoka mjini. Kuuza alikuwa anajua. Tangu shuleni alimsaidia mama yake kuuza madera na khanga kwa mali kauli: mteja anachukua leo, analipa korosho zikiuzwa. Biashara ya namna hiyo inamfundisha mtu uvumilivu na namna ya kuzungumza na watu wazima. Haimfundishi kusimamia mali ya mtu mwingine ambayo imeandikwa kipande kwa kipande.

Duka lililompokea ni kubwa kwa kipimo cha mji wetu. Lina idara ya wanawake, ya wanaume, ya watoto na ya viatu, keshia yuko mlangoni, na bei zimebandikwa kwenye lebo. Waliitaka idara ya wanawake ipate mtu kabla msimu wa korosho haujachanganya. Walimpigia simu Ijumaa, wakamwambia aripoti Jumatatu ya mwanzoni mwa Oktoba. Mshahara ulikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi, kwa makubaliano ya mdomo. Mkataba wa maandishi angepewa "akishazoea". Tulikuwa na siku kumi.

Siku kumi za maandalizi

Jumamosi nilimtuma aende dukani kama mteja. Akarudi akinisimulia jinsi kulivyopendeza. Nikamrudisha Jumatatu na maswali manne: nguo za bei gani zimetundikwa usawa wa macho, chumba cha kujaribia kina mlango au pazia, nani anaandika risiti, na mteja aliyeshika nguo mbili mkononi anasubiri muda gani kabla ya mtu kumsogelea. Safari ya pili alirudi na majibu. Pazia, si mlango. Muuzaji anaandika kikaratasi, mteja anakwenda nacho kwa keshia, keshia anatoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Wateja wawili waliondoka bila kusemeshwa na mtu.

Muda mwingi tuliutumia kwenye vipimo, na hapo sijuti hata dakika moja. Nilimpa futikamba yangu ya zamani, akapima nyumba nzima na majirani: kifua, kiuno, hipsi, urefu wa bega hadi goti. Akaandika kwenye daftari, kisha kila nguo aliyoikuta nyumbani akaipima ikiwa imelazwa kitandani. Jioni ya pili alikuja kwangu akishangaa: "Mama mdogo, M tatu, na zote tatu haziko sawa." Hicho ndicho nilichotaka akione mwenyewe. Herufi kwenye lebo hutegemea kiwanda kilikoshona. M nyingi zinazotoka China ni ndogo kuliko M za Uturuki. Hata namba zina nchi zake: 12 ya Uingereza ni karibu sawa na 40 ya Ulaya na 8 ya Marekani, kwa hiyo mteja anayesema "mimi navaa 40" na anayesema "mimi navaa 12" huenda ni mwili uleule. Suruali za jinzi hupimwa kiuno kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Kiuno cha 30 ni kama sentimita 76, lakini kitambaa chenye likra kinavutika na cha pamba tupu hakivutiki, na mteja hatakulaumu wewe ukimwambia hilo mapema.

Tukaingia kwenye vitambaa na alama za lebo ya ndani. Beseni ni kufua, namba iliyomo ni joto la maji. Pembetatu ni dawa ya kung'arishia. Pasi yenye nukta moja ni moto mdogo, yenye tatu ni moto mkali. Duara tupu ni nguo ya kupeleka kwa dobi wa draikilini. Somoe alizishika kwa siku moja. Kilichomchukua muda zaidi ni kujua kitambaa kwa vidole, maana Mtwara ya Novemba ina joto na unyevu wa bahari, na mama aliyeuziwa gauni la poliesta kwa ajili ya shughuli ya mchana harudi tena. Kwenye khanga nilimwachia mama yake amfundishe, ila nilisisitiza jambo moja: asome jina la kila doti na alikariri. Mteja wa khanga anachagua maneno sawa na anavyochagua rangi, na bibi ambaye macho yamechoka atamwomba amsomee. Akisitasita au akisoma vibaya, doti inarudi kwenye rafu.

Maneno ya kuuzia tuliyafanyia mazoezi sebuleni, mimi nikiwa mteja. Shikamoo kwanza kwa anayestahili, na shikamoo hiyo isiharakishwe ili kufika kwenye bei. "Bei ya mwisho ngapi?" ni swali ambalo lazima liulizwe, na kwa kuwa duka lile bei haishuki, nilitaka awe na jibu lisilomfunga mteja mlango: "Mama, bei ya hapa ni hiyo iliyoandikwa, lakini nikuoneshe ya elfu kumi na nane inayofanana na hii." Pia nilimweleza kuhusu meseji za uongo za malipo. Mtu anakuonesha simu yake, "nimeshatuma kwenye lipa namba", meseji inafanana kabisa na ya kweli. Nguo haitoki mpaka keshia aseme ameiona kwenye simu ya duka.

Miguu nayo niliifikiria. Alinunua viatu vya mtumba, vya kufunika na visigino vifupi, akavivaa nyumbani siku sita kabla ya kuvipeleka kazini.

Kuna jambo jingine nililompa ambalo wengi wanaliacha: kalenda ya minada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, mkulima anakusanya kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mzigo unauzwa mnadani, na fedha inamfikia kwa mkupuo. Duka la nguo la Mtwara kwa hiyo halipati wateja kidogo kidogo msimu mzima. Wanakuja kwa mawimbi. Vyama hivyo viko chini ya vyama vikuu: TANECU wakishalipwa, utaona watu wa Tandahimba na Newala. MAMCU wakilipwa, upande wa Masasi na Nanyumbu unateremka. Mtu huyo ametoka mbali, ana nauli ya kurudi na gari la kuwahi, na ananunulia familia nzima kwa saa mbili. Nilimwambia asikilize redio kila jioni, ajue wimbi linatoka wapi.

Siku ya nane, tukila, aliniuliza: "Mama mdogo, nguo ikipotea inakuwaje?"

Nikamjibu: "Huko hatujafika. Usiende na maswali ya kupotea siku ya kwanza, watakuona mwizi." Tukaendelea kula.

Yaliyotokea dukani

Jumatatu alifika saa moja na nusu. Binti aliyemtangulia alikuwa ameondoka Jumamosi. Msimamizi akafungua leja, akamwonesha mstari wa mwisho: vipande 412. "Tumeshahesabu Jumamosi. Weka saini hapa, wateja wanaingia." Somoe akasaini. Aliniambia baadaye kwamba alifikiria kuomba wahesabu pamoja, akakumbuka sauti yangu.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Siku ya nne aliingia mama kutoka Tandahimba akiwa na kamba tano za katani zilizofungwa mafundo. Kila kamba ni mtu: huyu kiuno chake, huyu urefu wake. Wauzaji wengine walicheka pembeni. Somoe alizilaza kamba juu ya meza, akaziwekea futikamba, akaandika sentimita, na mama yule alitoka na nguo za watu watano.

Alikosea mara moja, siku ya saba. Dada mmoja aliomba gauni la L kwa ajili ya mkubwa wake, Somoe alikuwa na watu watatu mbele yake, akaangalia lebo akampa. Siku tatu baadaye gauni likarudi, limebana kifuani, na aliyelirudisha ametumia nauli ya kwenda na kurudi. Lebo ilikuwa bado ipo, wakabadilisha. Tangu hapo futikamba haikutoka shingoni mwake.

Kisha ikaja Jumamosi ya wimbi. Watu wa minada walikuwa wamelipwa katikati ya wiki. Idara ya wanawake ilikuwa na Somoe peke yake, chumba kimoja cha kujaribia chenye pazia, na wanawake watatu waliingia humo pamoja, kila mmoja na nguo za mkono mzima. Hakuhesabu walizoingia nazo. Jioni, akipanga, alikuta nyuma ya pazia henga mbili tupu. Moja ilikuwa na kikaratasi cha gauni la 35,000, nyingine cha dera la 20,000. Akapekua nakala za vikaratasi vyake vya mauzo, hakuviona. Akaziweka henga kwenye droo, akafunga, akaenda nyumbani. Hakumwambia mtu.

Tarehe 31 wakahesabu. Vipande tisa havikuonekana, vyenye thamani ya shilingi 248,000. Meneja akasema vitakatwa 124,000 mwezi ule na 124,000 mwezi ujao.

Uamuzi, na sababu zake

Alinipigia saa tatu usiku akilia. Asubuhi tulikaa watu wanne: yeye, mama yake, mjomba wake na mimi. Mama alitaka alipe anyamaze, kazi ni adimu. Mjomba alitaka kwenda dukani mwenyewe. Niliwaomba tusome kwanza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inazungumzia hasa jambo hili. Mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara, lakini mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, aandikiwe chanzo, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Robo ya 200,000 ni 50,000. Walikuwa wanataka kukata zaidi ya mara mbili ya hapo kwa mwezi, na hakuna karatasi yoyote aliyopewa.

Mjomba tulimzuia. Mzee akiingia dukani kwa hasira mbele ya wateja, meneja analinda heshima yake, mazungumzo yanakwisha. Tukaamua Somoe aandike barua ya ukurasa mmoja, kwa mkono wake, aipeleke yeye. Aombe mambo matatu: orodha ya vipande tisa kwa maandishi, hesabu ya Jumamosi aliyoambiwa siku ya kwanza, na kuhesabiwa upya akiwepo.

Tulibishana kuhusu zile henga. Mama yake alisema akizitaja watamtwika vyote tisa. Hofu hiyo niliielewa. Somoe mwenyewe ndiye aliyekata shauri: "Zile mbili nilikuwa nimesimama hapo. Nikizificha, hata hizo saba nitaonekana naficha." Akaziandika.

Matokeo

Meneja alikasirika kwanza. "Kumbe umekuja na sheria." Somoe akanyamaza, akamwachia barua. Kesho yake wakahesabu, watu watatu, duka likiwa halijafunguliwa.

Magauni mawili ya 35,000 yalikuwa yamevalishwa midoli ya dirishani tangu kabla ya Somoe kuajiriwa. Sketi ya 22,000 ilikuwa kwa fundi, imepelekwa kupunguzwa kiuno, haikuandikwa popote. Blauzi ya 18,000 ilikuwa imetundikwa idara ya watoto. Vinne hivyo peke yake vilikuwa 110,000, na angevilipia.

Vikabaki vitano. Vitatu, vyenye thamani ya 83,000, hakuna aliyeweza kuonesha kwamba vilikuwepo Jumatatu ile. Karatasi ya hesabu ya Jumamosi haikupatikana. Meneja akaviacha. Viwili vya henga Somoe alikubali, jumla 55,000. Kwa kuwa inazidi robo, waliandikiana 30,000 Novemba na 25,000 Desemba. Mkataba wa maandishi alipewa mwisho wa Novemba.

Hakupata posho ya sikukuu ambayo wenzake wa zamani na wapya walipewa. Hakuambiwa sababu. Hilo liliniuma, na sina namna ya kulipamba.

Tangu Desemba chumba cha kujaribia kina vibao vya plastiki vyenye namba: unaingia na nguo tatu, unapewa kibao cha tatu. Wazo lilikuwa lake. Nguo za midoli na za kwa fundi sasa zina daftari lake.

Uchambuzi

Vipimo vilifanya kazi kwa sababu alivishika kwa mikono yake. Mtu aliyesomewa jedwali la namba angeziogopa kamba za mama wa Tandahimba. Kosa lake la siku ya saba halikutokana na kutojua. Alijua, ila haraka ilimshinda. Ningemwandaa upya, ningemfanyisha mazoezi akiwa na wateja watatu kwa pamoja sebuleni, mmoja akimvuta huku, mwingine akiuliza bei. Sisi tulifanya mazoezi ya mteja mmoja mpole, na duka la msimu halina mteja huyo.

Kalenda ya minada nayo, somo lake nililitoa nusu. Alijua wimbi linakuja na linatoka wapi. Sikumwambia afanye nini siku hiyo. Angeweza kumwomba msimamizi Ijumaa: "Kesho watakuwa wengi, naomba mtu mmoja akae pazia." Ombi kama hilo, linalotolewa siku moja kabla, msimamizi mwenye akili halikatai.

Makabidhiano ndiyo kiini cha kisa. Desemba, walipohesabu idara nzima kwa utaratibu mpya, watu wawili walitumia saa moja na dakika arobaini. Huo ndio muda ambao ungemwokoa. Na kama wateja wako mlangoni kweli na haiwezekani, bado kuna njia: kuandika pembeni ya saini, "Nimepokea leja, vipande sijavihesabu", na tarehe. Maneno manne hayo hayamtukani mtu. Yangetosha kuviondoa vile vitatu na vinne vilivyopatikana bila barua wala machozi. Namna ya kuomba pia ina adabu yake. Mtu mpya akisema "siamini hesabu yenu" anaharibu. Akisema "dada, naomba tupitie pamoja ili nizijue nguo na mahali zinapokaa", anaomba jambo lilelile na anaonekana mwenye bidii, na kweli atakuwa amezijua nguo.

Henga za droo zinanirudia mimi. Muuzaji akikuta henga tupu anatakiwa aseme saa ileile, maana vikaratasi vya siku ile viko mezani, keshia anakumbuka sura, na huenda nguo iko kwenye mfuko wa mteja mwingine kwa makosa. Baada ya siku mbili hakuna kinachoweza kufuatiliwa. Somoe alikuwa ameuliza swali sahihi siku ya nane, nami nilimfunga mdomo kwa kumtisha na neno mwizi. Aliyefundishwa kwamba kuuliza kuhusu upotevu ni dalili ya wizi hawezi kutoa taarifa ya upotevu. Nimemwomba radhi. Nilirithi tabia hiyo kwa waliotufundisha sisi, na kwa miaka tisa niliwasainisha wasichana leja vilevile, nikiwaharakisha kwa sababu wateja wanaingia.

Barua ilisaidia kwa sababu ilikuwa fupi, na kwa sababu ilikiri viwili. Meneja aliniambia miezi miwili baadaye, tulipokutana sokoni, kwamba kilichomfanya akubali kuhesabu upya ni zile henga. Mwenye kuficha asingezitaja.

Jambo moja hatukubaliani hadi leo, mimi na Somoe. Naona alilipa zaidi ya haki yake. Duka lililoweka mtu mmoja, pazia moja, na umati ule, lilikuwa na sehemu yake kwenye kosa, na kwa 55,000 zile ningepigania angalau dera liwe la duka. Yeye anasema aliwaona wanawake watatu wakiingia pamoja, akageuka kumhudumia mwingine kwa sababu alikuwa ananunua zaidi, na hilo alilichagua mwenyewe.

Mwezi huu ameniomba futikamba nyingine. Ile ya kwanza namba zimefutika kuanzia 80 hadi 110.